Vyuma ni Vichache, Lakini Nguvu Zaweza Kuongezeka



Mara nyingi katika kurasa hizi tunazungumza juu ya mashamba, maji safi na afya ya watoto wadogo. Safari hii tungependa kuzungumza na vijana walio shuleni, pamoja na walimu na wazazi wao, juu ya mazoezi ya kunyanyua vyuma. Wengine watasema huo ni mchezo tu. Hebu wasikie kwanza kisa hiki.

Shule moja ya sekondari ya kutwa ina chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya majembe. Siku hizi vijana wanakiita jimu. Ndani mna bomba la chuma la kilo 10, vyuma viwili vya duara vya kilo 10 kila kimoja, viwili vya kilo 5, benchi moja ya mbao, na mikebe miwili ya simiti ambayo hakuna aliyejua uzito wake. Wanaotaka kukitumia ni wanafunzi 24, wavulana kwa wasichana.

Ukihesabu utaona kwamba vyuma hivyo vinatoa uzito wa aina nne tu: kilo 10, 20, 30 na 40. Kijana mmoja alikuwa akiinua kilo 30 juu ya kichwa mara 6. Alikaa hapo wiki nyingi bila kusonga. Siku moja akachoka kungoja. Akaweka vyuma vyote, kilo 40, wenzake wakimshangilia. Aliviinua huku amejipinda mgongo kama upinde, wala hakuvifikisha juu. Kwa wiki tatu hakuweza kuinama kuchota maji kisimani.

Wazazi walikuja juu: "Fungeni chumba hicho!" Mwalimu wa michezo naye aliomba vyuma zaidi. Bodi ya shule ikasema pesa hakuna, maabara yenyewe haijakamilika. Sisi tulipoitwa kutoa maoni, wazo letu la kwanza lilikuwa kufanya harambee ya kununua vyuma.

Tulikosea. Kama tungenunua vyuma vingine vya kilo 20, kijana mwingine angekwama mahali pengine na kufanya yale yale. Kumbe shida haikuwa uhaba wa vyuma. Shida ilikuwa kwamba vipandio vya ngazi vilikuwa mbali sana kimoja na kingine, na hakuna aliyewafundisha vijana namna ya kupanda pale katikati.

MWILI HUONGEZAJE NGUVU?

Msuli ukipewa kazi iliyozidi kidogo ile uliyoizoea, kisha ukapewa chakula na mapumziko, hujijenga ili siku nyingine kazi hiyo iwe rahisi. Kazi isipozidi, mwili hauoni sababu ya kubadilika. Kazi ikizidi mno, mwili huumia. Hiyo ndiyo siri yote.

Jambo hili lilithibitishwa vizuri wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Daktari mmoja wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alikuwa akitibu askari walioumia magoti na miguu. Madaktari wengi wakati huo waliogopa kumpa mgonjwa uzito mkubwa. DeLorme aliwapa uzito ambao mtu angeweza kuuinua mara 10, na kila walipopata nguvu akauongeza. Mwaka 1945 alichapisha matokeo yake, na mpaka leo makocha na wauguzi wa viungo wanafuata msingi huo: ongeza kidogo, ongeza kwa mpango.

Sasa angalieni vizuri. Kutoka kilo 100 kwenda kilo 110 ni kuongeza sehemu moja ya kumi. Lakini kutoka kilo 30 kwenda kilo 40 ni kuongeza theluthi nzima! Ni kama mwenye duka kupandisha bei ya unga kutoka shilingi 150 hadi shilingi 200 kwa siku moja. Nani hatalia? Kwa hivyo anayeanza ndiye anayehitaji hatua ndogo kuliko bingwa, na ndiye huyo huyo ambaye jimu ya shule humpa hatua kubwa.

NJIA SITA ZA KUPANDA

Hizi hapa njia ambazo hazihitaji kununua chuma hata kimoja.

1. Ongeza hesabu. Kama unainua kilo 30 mara 6, usikimbilie kilo 40. Wiki ijayo jaribu mara 7, halafu 8, mpaka ufike 10 au hata 12. Aliyefika mara 12 kwa kilo 30 ana nguvu zaidi kuliko yule wa mara 6, ingawa chuma ni kile kile.

2. Ongeza uzito mdogo mdogo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Chupa ya nusu lita iliyojaa maji ni nusu kilo, bila kuhitaji mizani. Funga chupa moja kila upande wa bomba kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, karibu kabisa na vyuma ili isining'inie na kuyumba. Sasa una kilo 31. Chupa za lita moja zitakupa kilo 32. Hapo ngazi imepata vipandio vya katikati.

3. Punguza mwendo. Shusha chuma polepole ukihesabu moja mpaka nne, tulia kidogo chini, kisha inua. Wengi hutupa chuma chini kama gunia la viazi na kupoteza nusu ya zoezi.

4. Refusha njia. Anayechuchumaa nusu akiwa na kilo 40 aanze kuchuchumaa mpaka mapaja yalingane na sakafu akiwa na kilo 20. Ataona tofauti kesho yake asubuhi atakapopanda ngazi. Vivyo hivyo kwa presapu: kifua kikaribie sakafu, si kichwa tu.

5. Tumia mguu mmoja au mkono mmoja. Miguu ina nguvu nyingi, na kilo 40 huisha haraka. Basi weka mguu wa nyuma juu ya benchi, chuchumaa kwa mguu wa mbele ukiwa umeshika mtungi mdogo wa maji kila mkono. Hata mchezaji wa raga atatokwa jasho.

6. Badilisha pembe ya mwili. Katika presapu ya kawaida mikono hubeba kama theluthi mbili ya uzito wako. Ukiweka mikono juu ya benchi ya sentimita 60, hubeba kama asilimia 40 tu. Ukiweka miguu juu ya benchi hiyo hiyo na mikono sakafuni, hubeba karibu robo tatu. Kwa mwanafunzi wa kilo 60 hizo ni karibu kilo 25, kilo 38 na kilo 44. Hiyo ni mizigo mitatu kutoka kwa benchi moja na mwili wako mwenyewe.

Hatutaki kuwadanganya. Uchunguzi wa miaka ya hivi karibuni umeonyesha kwamba hata uzito mdogo hukuza msuli, mradi mtu aendelee mpaka akaribie kuchoka kabisa. Lakini anayetaka kuinua mzigo mkubwa sana, mwishowe lazima ajizoeze na mizigo mikubwa. Mwanafunzi aliye katika mwaka wake wa kwanza au wa pili wa mazoezi bado yuko mbali na hapo.

KUJIVUTA JUU

Zoezi ambalo shule nyingi hukosa ni la kuvuta. Vijana hufanya presapu kila siku, na mgongo wao unabaki bila kazi. Mwambieni fundi aweke bomba imara juu ya nguzo mbili zilizochimbiwa na kumwagiwa simiti. Asiyeweza kujivuta apande kwenye kiti, ashike bomba kidevu kikiwa juu, kisha ajishushe polepole kwa sekunde tano. Afanye hivyo mara 3, kisha 4, kisha 5. Siku moja atashangaa kuona amejivuta mwenyewe.

Tafadhali, msining'inie kwenye mlingoti wa goli. Magoli yasiyochimbiwa ardhini yamewahi kuanguka na kuua watoto katika nchi mbalimbali.

KUTENGENEZA VYUMA VYA SIMITI

Vyuma vya mikebe tunavijua sote. Vina kazi yake vikitengenezwa vizuri. Tumieni bomba la kama mita moja na nusu. Mwambieni fundi wa jua kali achomelee vipande viwili vya chuma kwa umbo la msalaba kwenye kila ncha, ili simiti ishike na isiteleze. Changanyeni simiti kipimo kimoja, mchanga viwili na kokoto ndogo vitatu. Mkishamwaga upande wa kwanza, ngojeni ukauke ndipo mgeuze. Mwagieni maji kila siku kwa siku saba, na msivitumie kabla ya wiki nne. Simiti iliyoharakishwa hupasuka, na ikipasuka itaangukia mguu wa mtu.

Lita moja ya zege ina uzito wa karibu kilo 2 na nusu, kwa hivyo mnaweza kukadiria mapema. Lakini makadirio hayatoshi. Pelekeni chuma kwenye mizani ya kinu cha posho, halafu andikeni uzito kwa rangi. Kama upande mmoja ni mzito kuliko mwingine, msikitumie kuinua juu ya kichwa.

Na hapa kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Vyuma vikubwa vya madukani ni vipana, hata vikianguka huacha nafasi kati ya bomba na sakafu. Mkebe ni mwembamba. Kijana aliyelala kwenye benchi akishindwa na chuma cha mikebe, bomba litamkalia shingoni, wala hawezi kumwaga uzito pembeni. Kwa hivyo hakuna kusukuma chuma ukiwa umelala bila wenzako wawili wamesimama, mmoja kila upande. Kama hawapo, fanya presapu.

WANAFUNZI 24, BOMBA MOJA

"Lakini sisi ni wengi," vijana walituambia. Basi tuliketi na mwalimu tukagawa chumba na uwanja kuwa vituo sita, kila kituo wanafunzi wanne wanaokaribiana nguvu ili wasihangaike kubadilisha vyuma kila saa:

- Kituo cha 1: kuinua bomba juu ya kichwa.
- Kituo cha 2: kuchuchumaa kwa mguu mmoja, mguu wa nyuma kwenye benchi.
- Kituo cha 3: presapu, kila mmoja kwa pembe yake.
- Kituo cha 4: kujivuta au kujishusha kwenye bomba la nje.
- Kituo cha 5: kuinama mgongo ukiwa umenyooka na kuvuta mtungi wa maji hadi ubavuni kwa mkono mmoja.
- Kituo cha 6: kutembea mita 20 umebeba mitungi miwili, kifua mbele.

Kila mtu ana sekunde 40. Mmoja akifanya, watatu wanapumzika, wanamwangalia na kumrekebisha. Zamu yenyewe ndiyo mapumziko! Raundi mbili zinachukua dakika sita, kisha kila kundi linahamia kituo kinachofuata. Kwa dakika 36 wote 24 wamemaliza. Tukaongeza dakika nane za kupasha mwili joto mwanzoni. Hufanywa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ili kuwe na siku ya kupumzika katikati.

DAFTARI NI CHUMA CHA KWANZA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nguvu nazo ni hivyo hivyo. Kijana asiyeandika hukumbuka tu siku aliyoinua sana, na kila siku hutaka kuirudia. Anayeandika huona njia.

Kila mwanafunzi alipewa ukurasa. Huandika tarehe, zoezi, uzito, mara ngapi kwa kila raundi, na akiba. Akiba ni hesabu ambazo angeweza kuongeza kabla ya kushindwa kabisa. Tulikubaliana kila mmoja aache mbili benki. Ukurasa unasomeka hivi: "Kuinua juu ya kichwa, kilo 30, mara 7 na 6, akiba 2."

Sheria ni moja. Ukifika mara 10 kwa raundi zote mbili, siku mbili mfululizo, mgongo ukiwa umenyooka, unaongeza uzito mdogo kuliko wote uliopo na kurudi mara 6 au 7. Ukishindwa siku tatu mfululizo kufikia hesabu ya zamani, punguza kidogo wiki moja upumzike. Wiki za mtihani fanya raundi moja tu. Nguvu haziozi kwa wiki moja.

Msikate tamaa kioo kisipoonyesha kitu. Katika wiki za kwanza nguvu huongezeka hasa kwa sababu ubongo na neva vinajifunza kuamsha msuli vizuri. Ukubwa huja baadaye. Daftari huona kabla ya kioo.

MASWALI TULIYOULIZWA NA WAZAZI

Je, vyuma havitamdumaza mtoto? La. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilieleza tena mwaka 2020 kwamba mazoezi ya nguvu yanayosimamiwa vizuri hayazuii kukua. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2020 lilishauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku tatu kwa wiki. Kinachoumiza ni mizigo ya kushindana bila msimamizi.

Msichana wangu hatakuwa na mwili wa mwanaume? Hapana, mama. Wasichana hawana homoni ya kiume kwa wingi kama wavulana. Atapata nguvu, na mifupa yake itakuwa imara hata uzeeni.

Lazima ale nyama? Si lazima. Githeri yenye maharagwe mengi, ndengu, mayai, omena na maziwa yanajenga mwili. Yai moja lina gramu 6 hivi za protini, na kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kama gramu 15. Mwalimu naye aulize kabla ya kuanza. Mtoto aliyeshinda njaa asipewe chuma siku hiyo, apewe kazi ya kuandika daftari.

Na zile dawa na sindano za kukuza misuli? Zikataeni kabisa. Kwa kijana anayekua zinaweza kufunga mifupa mapema, na hapo ndipo hudumaa kweli. Usingizi wa saa nane mpaka kumi ndio dawa ya umri huo, ingawa tunajua ratiba za shule nyingi haziheshimu jambo hili.

Na mgongo ukiuma? Acha siku hiyo. Maumivu yakishuka mguuni, au mguu ukifa ganzi, nenda hospitali, usisubiri kukandwa nyumbani.

KISA KILIISHIAJE?

Bodi ilikubali chumba kisifungwe kwa muhula mmoja, kwa masharti matatu: mwalimu awepo, daftari ziwepo, na hakuna anayejaribu uzito ambao haujaandikwa katika ukurasa wake. Si wote waliodumu. Wa kwanza kuacha walikuwa wale waliotaka kuonekana. Lakini wengi walibaki, wakiwemo wasichana ambao mwanzoni walikuwa wakichungulia dirishani tu.

Yule kijana alirudi mgongo ulipopona. Alianza na kilo 20, akiona haya kidogo. Alipanda mpaka 30, akafika mara 10, kisha chupa za nusu lita, kisha za lita, kisha za lita mbili. Mwisho wa muhula aliweka vyuma vyote. Kilo 40 zilipanda mara 3, mgongo umenyooka kama nguzo. Hakuna aliyepiga kelele, maana kila mtu alikuwa amesoma daftari lake na kujua siku hiyo inakuja. Baba yake, ambaye ndiye aliyetaka chumba kifungwe, alisimama mlangoni akitazama. Alisema neno moja tu: "Endeleeni."

Wengi wetu tunamkumbuka Julius Yego, aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za mtandao, kabla hajapata makocha na viwanja vya kisasa. Mwaka 2015 huko Beijing akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72. Si kila mmoja atakuwa Yego. Lakini hakungoja vyote viwepo ndipo aanze, na hilo kila shule yaweza kuliiga.

Harambee yetu bado tunayo moyoni, na siku moja huenda tukanunua vyuma vidogo vya kilo moja na nusu kilo. Hivyo ndivyo tutakavyovinunua kwanza, si vikubwa. Kwa sasa, chupa za maji zinatosha.

Kama shule yenu imegundua njia nyingine, tuandikieni, nasi tutawajulisha wenzenu.